Msagaji na Karatasi Niliyoikana

Watu wa Lodwar walimwita Msagaji, nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa jina lake nalijua vizuri. Nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa bluu, nikalipigia na muhuri. Nikilitaja leo nitajiona kama ninamtumia mara ya pili.

Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani. Nilipofika Lodwar mwanzoni mwa miaka ya tisini, karani mpya wa ofisi ya stima mwenye sanduku moja la bati, kinu chake kilikuwa tayari kando ya barabara iendayo Nawoitorong, na mwenyewe alikuwa tayari mweupe: nyusi nyeupe, kope nyeupe, masikio yamejaa unga. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni mkongwe. Kumbe alikuwa mtu wa makamo tu, mrefu, mabega yamepinda kidogo kwa kuinamia magunia.

Hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Alisema kwa kupayuka, kwa kuwa alizoea kushindana na injini ya dizeli, na hata injini ikizimwa sauti yake haikushuka. Foleni yake haikuwa na mkubwa. Siku moja dereva wa ofisa fulani wa serikali alikuja na madebe mawili ya mahindi akayaweka mbele ya akina mama waliokuwa wamesimama tangu asubuhi. Msagaji hakumgombeza. Alizima injini, akakaa juu ya gunia, akakunja mikono. Dereva akauliza kuna nini.

"Nangoja," Msagaji akasema. "Hii debe ikirudi nyuma, injini itawaka."

Tulingoja sote, mimi nikiwa na kilo zangu mbili za mahindi, mpaka dereva akabeba madebe yake akayapeleka mwisho wa foleni huku akitukana kwa sauti ndogo.

Bei yake haikupungua hata kwa jirani. Lakini sikuwahi kumwona akibakiza unga wa mtu. Wasagaji wengine walikuwa na ujanja wao: mfuko unaopokea unga unatikiswa mara moja, wa chini unabaki, jioni msagaji ana chakula cha watu watano. Yeye aliutikisa mara tatu, akaupigapiga kwa kiganja, kisha akauonyesha ndani. "Huyu mama alileta mahindi yote yake," aliniambia nilipomuuliza. "Nimrudishie nusu?"

Na ugali hakula. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya unga, lakini yeye alitaka maziwa na nyama, na siku za shida chai ya rangi. Nilipomcheka alinijibu, "Hiyo ni kazi yangu. Wewe karani, unakula karatasi?"

Miezi ya kwanza malaria ilinilaza. Sikuwa na ndugu mji ule. Siku ya tatu mlango uligongwa, nikamkuta Msagaji amesimama nje na kibuyu cha maziwa ya mbuzi. Nilimkaribisha ndani, akakataa. "Kunywa," alipayuka, hata majirani wakasikia. "Halafu rudisha kibuyu." Alikuja vivyo hivyo siku nne. Hakuuliza naendeleaje. Alikuwa akitazama kibuyu tu kama kimekwisha.

Kusoma hakujua, lakini karatasi alizithamini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Leseni, risiti, kadi za kliniki za watoto waliokwisha kuwa watu wazima, zote zilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga uliofungwa kamba na kuning'inizwa kwenye paa, mchwa wasiufikie. Nikimtembelea Jumapili aliushusha mkebe na kuniambia nisome. Nilidhani amesahau yaliyoandikwa. Baadaye mkewe alinieleza kwamba kila anayejua kusoma alisomeshwa karatasi zile zile, na Msagaji alikuwa anasikiliza kama msomaji wa leo anasema sawa na wa jana. Aliyeongeza neno au kuruka neno hakupewa mkebe tena.

Mimi nilikuwa nasoma vizuri. Ndiyo maana aliniamini.

Mwaka wangu wa pili, meneja wetu alitaka wateja wa biashara. Alitutuma mjini tuwashawishi wenye vinu, wenye hoteli na mafundi wa kuchomelea waingize stima. Jina la kwanza kwenye orodha yangu lilikuwa la Msagaji. Nilimwendea Jumamosi tatu mfululizo. Nilimwambia dizeli inapanda bei, injini yake inakohoa, moshi unaingia kwenye unga. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza huku akipaka oili.

"Hii injini ikiharibika," akasema, "mimi nafungua, naangalia, natengeneza. Stima yako ikiharibika nafungua nini?"

"Hutafungua kitu, mzee. Sisi ndio tutatengeneza."

"Na mkichelewa?"

"Ofisi itakulipa hasara."

"Andika."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Andika, karani."

Mkewe, mwanamke mfupi mwenye shanga nyingi shingoni aliyesimamia mizani, alikuwa anatusikiliza. Aliniambia bila kuinua uso, "Karani, hii injini ndio ng'ombe yetu. Wewe unatuletea nini?"

Ofisini kulikuwa na habari ya fidia, ndiyo. Mteja aliyepata hasara angeweza kujaza fomu, fomu ikapelekwa makao makuu, huko wakaamua. Hakuna aliyenipa ruhusa ya kuahidi lolote. Lakini Jumatatu nilichukua karatasi yenye kichwa cha ofisi nikaandika jina lake kamili, kisha: Stima ikipotea zaidi ya siku tatu mfululizo, ofisi itamfidia mteja hasara yake yote. Hilo neno "yote" nililiongeza kwa sababu lilipendeza. Nikapiga muhuri. Sahihi sikuweka. Nilijiambia nimesahau.

Aliisomesha karatasi kwa katekista, kwa mwenye duka, na kwa msichana wa darasa la saba. Wote walisoma sawa. Wiki iliyofuata akamuuzia injini mfanyabiashara wa Kitale, akanunua mota.

Mwaka mzima na zaidi mambo yalikwenda vizuri. Mota ilinguruma kwa upole, na Msagaji akabaki anapayuka peke yake mpaka wateja wakamcheka. Meneja alinisifu mbele ya wenzangu.

Kisha ukaja ukame, na ndani ya ukame ule stima ikapotea. Mji wetu ulitegemea jenereta zake wenyewe. Moja ilikufa, ya pili ikalemewa, nayo ikafuata. Kipuri kikaagizwa. Siku tatu zikapita, wiki ikapita, wiki ya pili, ya tatu. Wakati huo huo mahindi ya msaada yalikuwa yanagawiwa, mahindi makavu magumu, na kinu kilichobaki kikifanya kazi kilikuwa kimoja tu, ng'ambo ya pili ya mji, ambapo watu walisimama siku nzima wakarudi na magunia yao vile vile.

Msagaji alikuja ofisini kila asubuhi. Alivua sandali zake za tairi mlangoni, akaketi kwenye benchi.

"Leo?"

"Bado, mzee."

"Hiyo spea iko wapi?"

"Wanasema iko Eldoret."

"Inatembea kwa miguu?"

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka.

Asubuhi moja hakuja peke yake. Alikuja na mama mmoja mteja wake, amebeba mtoto mgongoni na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Msagaji alimwambia akifungue juu ya kaunta. Yalikuwa mahindi yaliyopondwa kwa jiwe, vipande vikubwa vimechanganyika na mchanga. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha mtoto aliyechoka kulia.

"Tumbo inamuuma," Msagaji akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema taratibu. "Sikuja kukusumbua, karani. Nimekuja ujue."

Niliyatazama yale mahindi, nikasema nitamwambia meneja. Mama akafunga kitambaa chake, akikusanya hata punje zilizoanguka sakafuni. Meneja sikumwambia.

Stima iliporudi, ilirudi kwa kishindo. Taa za mji ziliwaka kupita kiasi, nyingine zikapasuka. Msagaji, aliyekuwa na magunia ya watu yamejaa mpaka mlangoni, aliwasha kinu mara moja. Mota ikaungua palepale. Nilipita jioni nikamkuta ameketi mbele ya mota ile, harufu ya waya zilizoungua imejaa chumba kizima, na mkewe anarudishia watu mahindi yao, gunia kwa gunia.

Makao makuu wakamtuma ofisa kusikiliza madai ya wateja. Wenye hoteli na wenye maduka walikuja na barua za Kiingereza. Mbili kati ya barua hizo niliziandika mimi, nikanunuliwa soda. Wale walipata fidia kidogo. Msagaji alikuja na mkebe.

Kabla hajaingia, meneja aliniita kando. Alikuwa ameisikia habari ya ile karatasi. "Sijui nani aliandika huo upuuzi," alisema, na kwa jinsi alivyonitazama alijua. "Aliyeandika atalipa yeye mwenyewe, halafu aende kwao." Nilikuwa nimeshaoa, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nayasema haya kwa sababu yalikuwa kweli. Sisemi ili mtu anionee huruma.

Tulikuwa wanne chumbani: ofisa, meneja, Msagaji na mimi. Mkewe Msagaji alibaki nje kwenye benchi. Ofisa, mtu mpole mwenye miwani, aliisoma karatasi mara mbili, akanigeukia.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Hapana."

"Unaufahamu?"

"Siufahamu."

"Muhuri je?"

"Muhuri hukaa kaunta. Mtu yeyote anaweza kuufikia."

Akanisogezea kalamu na karatasi tupu. "Andika neno fidia."

Nikaliandika kwa herufi zilizolala kushoto, herufi ambazo sikuwahi kuziandika tangu nianze shule. Mkono ulikuwa mzito. Nilijua Msagaji anautazama, maana nilisikia pumzi yake karibu nami, na harufu ya unga. Ofisa akalinganisha, akatikisa kichwa.

"Mzee, karatasi hii alikupa nani?"

Nilitazama sakafu. Miguu yake mitupu ilikuwa karibu na viatu vyangu. Meneja akakohoa.

"Sijui," akasema Msagaji. "Mimi hapana soma. Labda nimechanganya."

Mtu aliyepima wasomaji wote wa Lodwar alisema amechanganya. Ofisa akaandika kitu, akaitia karatasi ndani ya faili, na sikuiona tena. Msagaji aliinuka, akachukua mkebe wake, akatoka. Alinipita bila kunitazama. Dirisha lilikuwa wazi, na Kiturkana nilikuwa nimeshakielewa wakati huo. Nilimsikia mkewe akisema, "Umechanganya nini? Karatasi ni moja, unachanganyaje?" Jibu lake sikulisikia.

Mkewe Msagaji hakunyamaza. Alikuwa na haki ya kutonyamaza. Sokoni alimweleza kila mtu kwamba mumewe aliuza injini kwa karatasi ya kufungia chumvi. Siku moja nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nanunua vitunguu, naye akaniona, akanisalimia kwa adabu. "Ejok, karani. Wewe ulimwambia vizuri. Huyu mtu wangu ndio alichanganya karatasi, hana akili." Wanawake wakacheka. Nikalipa vitunguu vyangu nikaenda zangu.

Baada ya miezi michache waliondoka Lodwar. Mlango wa kinu ukafungwa kwa mti, kisha mbuzi wakaanza kulala humo. Mimi nilipandishwa cheo kidogo. Mtoto wangu alizaliwa salama. Kwa miaka kadhaa nilikwepa barabara ya Nawoitorong, nikizunguka njia ndefu yenye mchanga, na mke wangu aliponiuliza kwa nini, nilisema napenda kutembea.

Mwishoni mwa muongo ule ofisi ilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Nikaambiwa mashirika ya Kakuma yanatafuta makarani wa stoo. Nikadandia lori la magunia katika msafara wenye askari, maana njia ilikuwa na majambazi, nikafika na vumbi mpaka kwenye meno. Kambi ya wakimbizi ilikuwa imekua kuwa mji. Wasudani, Wasomali, watu wa Kongo na Burundi, kila mmoja na duka lake la turubai. Nilikuwa nauliza njia ya ofisi za mashirika nilipoona foleni ya wanawake wenye mahindi ya mgao vichwani, na mbele ya foleni, ndani ya kibanda cha mabati, mtu mweupe kwa unga.

Aliniona kwanza yeye.

"Karani."

"Ejok, mzee."

"Ejok."

Akaendelea na kazi. Kinu hakikuwa chake. Mwenye kinu, mfanyabiashara mmoja, alikuwa ameketi kivulini na daftari, na mara mbili alimpigia Msagaji kelele aharakishe. Yule aliyewahi kumsimamisha dereva wa ofisa sasa alisema "ndiyo" na kuharakisha. Mkewe alikuwa pale pale, anapima kwa kopo la gorogoro, anasawazisha mahindi kwa kiganja. Alikuwa amekonda.

Gunia lilipoisha alizima injini ipoe, akatoka akaketi juu ya jiwe. Nikachutama karibu naye. Nilikuwa nimeyapanga maneno haya miaka yote, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mzee, ile karatasi niliandika mimi."

"Najua. Nilikuletea jina langu, wewe ukaandika."

"Kwa nini hukusema?"

Alifikiri, akipangusa nyusi. "Niliangalia mkono yako. Ilikuwa naandika kama ya mtoto, inapinda herufi. Mimi hapana soma, lakini mkono naujua. Nikashikwa na aibu. Aibu ilikuwa yako, lakini ikanishika mimi. Nikataka tu tutoke kwa hiyo nyumba."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi?" Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nilikasirika mpaka nikachoka. Mimi wacha. Enda mwambie huyu mama. Miaka yote anajua mimi ndio mjinga."

Akainuka, akaingia ndani, akawasha injini.

Sijui kama alikusudia. Foleni ilikuwa ndefu na mwenye kinu alikuwa anatazama. Lakini kelele ilijaa kibanda chote, nami nilipomwinamia yule mama na kusema, hakusikia. Akaweka kiganja sikioni. Nikasema tena. Akatikisa kichwa. Ikabidi nipayuke, kama alivyokuwa akipayuka mumewe.

"Karatasi ile niliandika mimi! Mzee hakuchanganya! Niliikana mimi!"

Wanawake wa foleni waligeuka. Mmoja mrefu, wa Sudani, alishusha mzigo wake kichwani ili anione vizuri. Mwenye kinu alinyanyua macho kutoka kwenye daftari. Nikarudia, kwa kuwa mama alikuwa bado ananitazama midomo, nikarudia mpaka sauti ikakatika.

Alisawazisha gorogoro aliyokuwa ameishika, akaimimina kwenye gunia la mwenyewe. Kisha akaenda kwa mumewe, aliyekuwa ametugeuzia mgongo. Alimwambia kitu sikioni, maneno mengi, uso umekunjamana kwa hasira, akimpiga bega kwa ngumi ndogo. Msagaji aliendelea kusukuma mahindi kinuni. Alijibu neno moja tu bila kugeuka. Mama akaacha kupiga. Akasimama nyuma yake hivyo hivyo, paji la uso limeegemea mgongo uliojaa unga, mpaka mteja wa mbele akamwita.

Aliporudi kwenye kipimo chake uso wake ulikuwa mweupe upande mmoja. Nilikuwa bado nimesimama. Nilingoja matusi, nilikuwa nayahitaji. Alinitazama viatu, suruali iliyolegea kiunoni, kimfuko changu cha plastiki chenye vyeti vya shule.

"Karani," akapayuka juu ya injini, "umekula?"

"Nimekula, mama," nikasema.

Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu Lodwar.